Mkono wa Babu

Jumatatu asubuhi fundi cherehani wa kiwanda cha bia alimpima mdogo wake koti la kazi: mabega, kifua, mikono yote mitatu. Wa tatu ulimwotea ubavuni kushoto alipobalehe, mkono wa kizee, mvi mpaka vidoleni. Ni wa babu yao. Baba yao pia alikuwa nao. Fundi mwenyewe hana. Ukoo wao ndivyo ulivyo, unaruka huyu, unamwangukia yule.

"Unanitekenya, dada."

"Simama wima. Nani kakuleta huku? Si ulikuwa unapaka rangi magari?"

"Meneja alinifuata mwenyewe gereji."

Kule gereji mkono ulikuwa umelala tu kama paka. Haumsumbui mtu mpaka uone glasi. Meneja analijua hilo vizuri sana! Chumba chake cha kuonja bia kimejaa watu wa ukoo huo, kwa sababu wanakunywa kutwa na jioni wanatembea bila kuyumba. Mtaani wanasifiwa: "Wale vichwa vyao chuma!" Nesi wa kiwanda alishasema jamani, asiyelewa upesi ndiye wa kuogopewa, huyo hana breki. Wakamcheka.

Fundi akapanda ofisini.

"Mhamishe, bosi. Mpe hata kazi ya kubeba magunia. Baba yetu ini lilimuua humu humu."

"Mama, kuna mtu tumemshika mdomo tukamnywesha hapa? Hiyo damu yenu. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Nyoka gani anafuatwa kwake na kuwekewa glasi mbele?"

Meneja akamwomba afunge mlango akitoka.

Fundi akampitia mdogo wake chumba cha kuonja. Mikono yake miwili ya kuzaliwa ilikuwa imeng'ang'ania meza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Wa babu ulikuwa unainua glasi.

"Mimi sinywi, dada," alisema, povu mdomoni. "Anakunywa babu."

"Twende nyumbani."

"Nakuja. Aimalize hii kwanza."

Haikuisha. Macho yakawa njano, tumbo likajaa maji, wakamzika kando ya baba yake. Seremala alilipanua jeneza kidogo upande wa kushoto, kama kawaida. Daktari aliandika ugonjwa wa kurithi. Kiwanda hakikutajwa popote.

Meneja alikuja msibani na kreti za bia za rambirambi. Akatoa pole, kisha akawasalimia watoto wa ukoo mmoja mmoja kwa kuwapapasa ubavu wa kushoto. Alipofika kwa binti wa fundi, ambaye hata shule ya msingi hajamaliza, kitu kikamshika kidole gumba kupitia gauni.

"Hongera, mama," akamwambia fundi. "Siku hizi tunachukua na wasichana."

Fundi akapiga magoti, akaanza kuvibandua vile vidole kimoja kimoja. Nyuma yake wajomba walikuwa wanaulizana kifungulio cha bia kiko wapi.