Msiba Usio na Maiti

Mimi si mtu wa sanaa. Kazi yangu katika Kituo cha Sanaa cha Kilvarna, hapa Ayalandi, ni kufungua milango, kuwasha hita, kufagia, na kuhakikisha choo cha wanawake hakizibi. Zamani jengo hili lilikuwa kiwanda cha maziwa na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo, ila maziwa yalikuwa yanaeleweka.

Kila mwaka kituo kinaleta wasanii watatu au wanne. Kila mmoja anapewa chumba cha ghorofani kwa wiki sita, na sisi wenyeji tunatakiwa tushirikiane naye. Ndivyo anavyosema Sorcha, meneja wetu. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja aliyerekodi milio ya mageti ya mashamba yetu. Mwaka jana mama mmoja alifuma ramani ya kinamasi chetu kwa sufu, wiki tano nzima, na wiki ya sita akaifumua yote. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwamba hilo ni swali zuri sana. Nikarudi kufagia.

Mwaka huu alikuja Maarit kutoka Ufini, mrefu, mpole, anayesikiliza kuliko anavyosema. Alizunguka na baiskeli nyumba kwa nyumba akiomba kiti kimoja cha jikoni, kile kilichokaliwa kuliko vingine vyote. Watu wa hapa hawajui kumnyima mgeni, hata kama hawaelewi anakitakia nini kitu chenyewe. Kufikia wiki ya tano tulikuwa na viti thelathini na kimoja, na kimojawapo kilikuwa cha mama yangu.

Hapo lazima nieleze kidogo. Mama yetu, Attracta Gilrane, ana miaka tisini na miwili na anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee, ng'ambo ya mji. Niliyempeleka ni mimi, miaka minne iliyopita, siku ambayo kaka yangu Enda alikuwa mnadani na ndama zake. Mwezi ule Mama alikuwa ameanguka mara tatu. Enda aliishi naye na alikuwa ameapa kumtunza mpaka siku ya mwisho. Alirudi jioni akakuta jiko limezimika na Mama hayupo. Tangu hapo hajanisemesha hata neno moja. Yeye humtembelea Mama Jumatano na Jumapili, mimi Jumanne na Jumamosi, na tukikutana dukani yeye hugeuka akaanza kusoma maandishi ya mikebe ya maharage.

Mama anasahau mengi, lakini mwaka huu kuna jambo moja alilong'ang'ania. "Colman," ananiuliza kila Jumanne, "lini nitawaona nyote wawili mmekaa hapa?" Namwambia Jumamosi. Jumamosi ikifika namwambia Jumanne. Daktari alishatuambia tusihesabu miezi mingi, na mimi nilikuwa najichukia kwa uongo ule.

Sasa, Ijumaa ya kufungua maonyesho, Maarit aliamka na shavu zima limevimba kwa jino, ikabidi akimbizwe mjini Sligo kwa daktari wa meno. Viti vilikuwa bado vimerundikwa ukumbini. Aliniambia huku ameshika shavu, "Vipange tu jinsi mnavyokaa nyinyi mkiwa wengi." Katikati ya ukumbi alikuwa ameshaweka meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na mshumaa kila upande, kwa ajili ya daftari la michoro yake ya viti. Daftari lenyewe aliondoka nalo kwenye mkoba kwa kusahau.

Basi nikapanga jinsi tunavyokaa tukiwa wengi, yaani viti vyote migongo ukutani, kuzunguka chumba. Nikawasha mishumaa. Sorcha alikuwa ameniagiza nivae suti na nikae kwenye kiti cha kwanza mlangoni, niwape watu karatasi za maelezo. Suti ninayo moja tu, nayo ni nyeusi. Naapa sikuona nilichofanya.

Saa tisa akaingia Nuala Keaveney, jirani yetu, na sahani ya sandwichi iliyofunikwa, kwa sababu hatujazoea kwenda mahali mikono mitupu. Alisimama kizingitini. Akaangalia mishumaa, kitambaa cheupe, viti ukutani, akaniangalia mimi na suti yangu. Uso wake ukabadilika. Akaweka sahani chini, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Pole sana kwa msiba, Colman."

"Asante, Nuala," nikasema.

Ningesema nini? Mdomo wangu umelijibu neno hilo tangu utotoni, haukunisubiri nifikiri. Nuala akaenda mbele ya meza, akafanya ishara ya msalaba, akakaa. Baadaye aliniambia kwamba alishangaa kidogo, ila alidhani maiti haijaletwa kulazwa katikati ya mishumaa, kama ilivyo desturi yetu.

Nyuma yake alikuwa Packie Roddy, fundi wa matrekta. Alimwona Nuala alivyofanya naye akafanya vile vile. Na hapa kwetu foleni ya msibani ikishaanza haina breki. Baada ya dakika kumi ilikuwa imefika kwenye maegesho ya magari, na wa nyuma walikuwa wanawauliza wa mbele ni akina nani wamefiwa, wanajibiwa ni akina Gilrane. Wengine walifika kwangu macho yameshalowa.

"Alikuwa mtu mwema," Packie aliniambia, hajaachia mkono.

"Nani?"

Packie akafikiri. "Kwani kuna aliyekufa akawa mbaya?" akasema, akaenda kutafuta chai.

Ningeweza kusimama nikawaambia ukweli. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusimama. Nilichanganyikiwa, hilo la kwanza. La pili, nakiri, nilikuwa napenda kushikwa mkono. Kwa miaka minne nusu ya watu hawa walikuwa upande wa Enda, na nusu walikuwa wananionea huruma kwa mbali, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kisha nikaiona kofia ya Enda katikati ya foleni.

Alikuja kuangalia kiti cha Mama, hilo tu. Alikuwa amemwambia Maarit kwamba kikipata mkwaruzo atakuja kukichukua. Lakini hakumuuliza mtu msiba ni wa nani, maana ukishaingia kwenye foleni ile unainamisha kichwa, unatazama viatu vya aliye mbele yako, unasogea. Humtazami mfiwa mpaka umefika kwake, na kutoka katikati ya foleni ni aibu ambayo watu hawaisahau. Enda alisogea hivyo mpaka akafika. Akanyoosha mkono, ukucha wa kidole gumba mweusi kama kawaida yake.

"Pole sana kwa msiba," akasema, ndipo akainua macho.

Watu waliacha kunywa chai. Mkono wake ulikuwa bado umo ndani ya wangu. Alitazama meza tupu, akanitazama, akatazama meza tena.

"Asante, Enda," nikamwambia.

Huwezi kumpa mtu pole msibani kisha ukatimua mbio kama mwizi. Kwa hiyo Enda alikaa. Nuala akamletea chai na sandwichi ya yai, na aliila yote huku anakikodolea macho kile kitambaa.

Maarit alirudi wakati huo, shavu limefura. Alikuta watu zaidi ya ishirini wamekaa kimya wakizunguka ukuta, vikombe magotini.

"Wanafanya nini?" akaninong'oneza.

"Wamekaa."

"Nani amewaambia wakae hivyo?"

"Hakuna."

Machozi yakaanza kumtoka, nami sikujua kama ni ya furaha au ni ya jino. Sorcha alikuwa anapiga picha. Nilitamani mtu mmoja tu chumbani mle aniambie kinachoendelea.

Hapo Enda akasema, bila kumtazama mtu, "Nani amepanga hivi viti?"

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka minne, ukiacha ile pole.

"Mimi."

"Umekosea. Cha Mama hakikai mlangoni. Baridi inamuumiza."

Akainuka, akakibeba kiti kile kitupu mpaka kwenye hita, akakisukuma kidogo kwa goti mpaka kikakaa sawa. Halafu akaelekea mlangoni.

"Jumanne nitakuwa kwa Mama," niliuambia mgongo wake. "Saa nane."

Hakugeuka.

Siku nne zilizofuata nilikuwa kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Nilimuuliza Sorcha kama mimi na Enda tumepatana, akaniambia kwamba maonyesho yamefanikiwa kuliko yote, jambo ambalo sikuuliza. Nikaenda kwa Nuala.

"Ule mkono wa Enda unahesabika?"

"Mkono ni mkono, Colman."

"Lakini hakukuwa na maiti."

"Na kwenye harusi ya dada yangu hakukuwa na mapenzi, mbona ana wajukuu tisa. Kunywa chai yako."

Jumanne nilifika kabla ya saa nane na nikalikuta gari la Enda limeegeshwa nje, trela ya ng'ombe bado imefungwa nyuma. Nilikaa kwenye gari langu muda mrefu, nikiogopa kwamba huenda amekuja kumwambia Mama asinipokee tena.

Alikuwa amekaa kulia kwa kitanda. Amechana nywele, amevaa koti zuri, lile la kanisani. Alinisogezea kiti cha pili kwa mguu, nami nikakaa kushoto.

Mama alikuwa amesinzia. Alipofumbua macho alimtazama Enda, akanitazama mimi, akarudi kwa Enda. Nilingoja atabasamu. Nilikuwa nimeingoja siku ile kwa muda mrefu mno.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Mama," Enda akasema.

"Msinifiche. Ni Dympna?"

"Dympna mzima," nikamwambia. Dympna ni dada yetu, yuko Boston. "Alipiga simu juzi."

"Basi ni nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Tumekuja tu."

"Pamoja?"

"Pamoja."

Alilitazama koti la Enda, akatazama suruali yangu iliyopigwa pasi. Akafikiri sana, kama mtu anayekumbuka alipoweka funguo. Kisha uso wake ukatulia.

"Ah," akasema. "Kumbe ni mimi."

Mama aliushika mkono wake kwa kulia na wangu kwa kushoto, akavuta yote miwili juu ya blanketi, akaiweka kifuani pake. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni pake tangu alipoondoka nyumbani.

"Haya," akasema, "sikuhisi hata maumivu," akafumba macho.

Enda aliinama kuelekea kwangu juu ya kitanda. "Mwambie," akanong'ona.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye uliyemleta hapa."

Tulitazamana, mikono yetu imebanwa pamoja, na hakuna aliyemwambia.