Kitufe Namba Sabini na Saba

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, Mzee Waya alikuwa amekaa sakafuni, kwenye chumba ambacho mkewe alikikusudia kiwe stoo, akibandika vikaratasi kwenye nyaya. Kila kifaa cha nyumba ile kilikuwa na namba yake katika mtandao alioufunga kwa mikono yake, kuanzia simu ya mkewe hadi printa iliyofanya kazi siku ikijisikia. Alikuwa na miaka arobaini na sita tu. Uzee alipewa na majirani, kwa ajili ya mgongo uliopinda kwa kulehemu. Mchana alisaga lenzi katika duka la miwani, na jioni ndipo alipoishi.

Kwenye skrini, namba sabini na saba ikawaka. Tundu moja la swichi, kile kisanduku kilichounganisha nyaya zote za mtandao, lisilo na waya wowote, likaota barafu. Kengele ndogo aliyoitumia kujaribia vifaa vyake ikalia mara moja pale rafuni, ikanyamaza, ikalia tena.

Mkewe akachungulia mlangoni. "Nani huyo?"

"Mdogo wangu."

"Marehemu?"

"Kwani nina mwingine?"

Mkewe akaleta kitambaa, akapangusa maji yaliyoanza kudondoka karibu na soketi, akamwambia aangalie asije akapigwa na umeme.

Mdogo wake alikuwa amefia katika chumba cha baridi cha kiwanda cha nyama, wiki tano nyuma. Kiwanda kilisema moyo wake ulisimama ghafla, kwamba hakupata hata nafasi ya kugeuka. Ijumaa kamati ya uchunguzi ingekaa kwa mara ya mwisho, na maneno hayo yangekuwa ndiyo ukweli. Mjane alikataa katakata kuyatia saini. Mumewe, alisema, alikuwa na moyo wa kupanda ngazi na gunia begani huku akipiga mluzi.

Namba sabini na saba Mzee Waya aliijua vizuri. Miezi mitatu nyuma mdogo wake alikuja kulalamika: mlango wa chumba cha baridi umeng'oka kitasa cha ndani, kengele ya dharura imekufa, na meneja kila siku anasema kesho. "Kaka, nitengenezee chochote," alisema. Mtu mwingine angevuta waya mmoja kutoka kwenye kitufe hadi kwenye kengele, kazi ikaisha. Mzee Waya hakuweza. Roho yake isingetulia. Alikipa kitufe taa ya kijani, kumbukumbu, antena na anwani ya kwenye mtandao, akakijaribu palepale mezani kwake, kikaita kengele ya rafuni vizuri kabisa. Akakifunga kwa gazeti, akamkabidhi mdogo wake kwa majivuno.

Anwani ile ilikuwa ya nyumbani kwake. Hakuibadilisha iwe ya kiwandani. Kosa hilo alilitambua Jumatatu ile, pale sakafuni, kengele ikilia mara ya tisa. Kule kiwandani kitufe kilikuwa kimeita nyumba hii, na mtandao wa kule haukuwa na habari na nyumba hii, hivyo mwito haukufika popote. Sasa mdogo wake alikuwa ameipata njia.

Kengele ililia hadi saa moja na dakika arobaini, kisha barafu ikayeyuka. Jumanne ikawa vilevile, saa zilezile, dakika tisini. Jumatano mkewe aliweka beseni chini ya swichi mapema.

Kompyuta ilikuwa imeandika kila mbonyezo. Mzee Waya alichapa karatasi zote, printa ikakubali bila ubishi, akabaki nazo magotini. Mtu aliyekufa ghafla habonyezi kwa dakika tisini. Karatasi hizo zilimuumbua meneja, na zilimuumbua yeye pia. Usiku huo hakula.

Alhamisi jioni alimwita shemeji yake. Mjane alikaa kwenye kigoda mbele ya swichi, mkoba mapajani, akasikiliza dakika zote tisini. Katikati tu alivua mtandio, akauzungushia ile swichi iliyoganda.

"Shemeji," alisema Mzee Waya, "anwani niliisahau mimi. Ningeibadilisha, wangemsikia."

"Nimesikia."

"Nilitaka ujue kabla ya..."

"Nimesikia, shemeji. La kwako utalibeba mwenyewe, mimi sina mikono ya kukupokea. Kesho nazitaka hizo karatasi."

Ijumaa kamati ilikaa watu watatu. Mwenyekiti alivaa miwani ambayo Mzee Waya aliitambua, aliisaga yeye.

"Anayebonyeza ni marehemu?" aliuliza mwenyekiti.

"Ndiye."

"Kila siku?"

"Kila siku, tangu Jumatatu."

"Na kabla ya hapo alikuwa wapi?"

"Nadhani alikuwa akitafuta njia."

Mwenyekiti akaandika. Meneja naye akainuka, akafunga kifungo cha koti, na kwa adabu zote akamuuliza Mzee Waya kama kitufe kikibonyezwa kengele inalia. Mzee Waya akasema inalia. Je, inasikika? Inasikika. Meneja akashukuru, akaketi.

Uamuzi ulisomwa baada ya chai. Kamati ilikubali kwamba marehemu hakufa ghafla, na kwamba bado anabonyeza. Kwa hiyo chumba cha baridi kina kengele ya dharura iliyo nzima, kwa ushahidi wa fundi wake mwenyewe, na kiwanda hakina kosa. Kitasa hakikutajwa.

"Basi niruhusuni niingie nikabadilishe anwani," alisema Mzee Waya. "Ni dakika tano tu."

"Kifaa kilichothibitishwa hakiguswi," alisema mwenyekiti, akafunga faili.

Jumatatu kiwanda kiliajiri mtu mwingine wa chumba cha baridi. Mjane alihamia kwa shemeji yake, akalala kwenye godoro chini ya rafu. Kila jioni alimsimulia mumewe habari za siku, kengele ikilia, na hakuna aliyeona ajabu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, duka la miwani likiwa limefungwa, Mzee Waya alikuwa akinyoa ndevu. Kengele ikalia.

"Si saa yake hii," alisema mkewe.

Wote watatu walisimama mbele ya swichi. Namba ilikuwa ileile sabini na saba. Njia aliyoifungua marehemu ilikuwa wazi, na mwingine alikuwa akiipita. Mjane alichukua nyundo kwenye sanduku la vifaa, akatoka mbio, ingawa kiwanda kilikuwa mwendo wa nusu saa.

Mzee Waya akapiga simu, sabuni ikimkauka shavuni. Mlinzi wa getini alipokea.

"Kuna mtu ndani ya chumba cha baridi! Fungueni mlango!"

"Chumba cha baridi kina kengele, mzee," alisema mlinzi kwa upole. "Nzima kabisa, imethibitishwa na kamati. Angekuwamo mtu, tungesikia."

"Inalia huku kwangu!"

"Basi si unaona inafanya kazi," alisema mlinzi, akakata.

Nyuma yake kengele ililia mara mbili mfululizo, kwa haraka ya mtu ambaye bado ana nguvu.