Matanga ya Asiyekufa

Mkutano ulifanyika Jumamosi mchana katika chumba cha pamoja cha yale maghorofa ya New Hope, pale chini karibu na mashine za kufulia, na kila mashine ilipoanza kukamua nguo mgeni alilazimika kunyamaza. Mgeni mwenyewe alikuwa mama wa Kizungu aitwaye Stacy, ametumwa na ofisi inayoangalia usalama wa barabara katika eneo zima la Minneapolis na Saint Paul, Marekani. Alikuja na picha za kuonyesha ukutani, maboksi mawili ya donati, na mkalimani, Yasser, mtu wa Mombasa mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na Kiswahili cha kunyoosha ambacho Wakongomani waliokaa katika maghorofa hayo walipenda kukisikiliza hata pale kisipowahusu.

Mama Bonheur alikaa karibu na mlango. Ndipo anapokaa siku zote, kanisani, hospitalini, hata harusini. Mtu aliyewahi kuikimbia nyumba yake na mtoto mgongoni hakai mbali na mlango. Shule yake iliishia darasa la sita kule Walungu, Kongo, na mumewe, Bagalwa, alizikwa njiani wakati wa vita, mbiombio, bila watu kupata hata pa kukaa chini wamlilie. Tangu hapo alikuwa mjane wa maombi na wa kutazama. Kusema hakusema sana.

"Kila mwaka ofisi yetu huweka lengo," Yasser alitafsiri. "Barabara zetu zinaua watu wengi. Kwa mwaka ujao tunapendekeza vifo visizidi mia moja na kumi."

"Amen!" akaitikia Pasta Twagirayezu kutoka kiti cha mbele, na ukumbi mzima ukamfuata, "Amen!" na makofi juu yake. Ndivyo walivyozoea: mtu akimaliza sentensi kwa sauti ya kutua, unaitikia. Stacy alitabasamu hadi masikioni. Hakuwahi kupokelewa hivyo mahali popote.

"Mnaitikia nini?" sauti iliuliza kutoka mlangoni.

Vichwa viligeuka.

"Pasta, umesikia alichosema huyu mama? Amesema watu mia moja na kumi watakufa. Na wewe umesema na iwe hivyo."

Pasta alikohoa. "Mama Bonheur, amesema wasizidi."

"Nimesikia wasizidi. Na wakifika mia na kumi kamili? Atarudi hapa na donati tushangilie?"

Watu walicheka, kisha wakaacha, kwa maana yeye hakucheka. Yasser alikuwa anatazama viatu vyake.

"Bwana Yasser, mwambie na hilo. Usilitie sukari."

"Nitamwambia kama ulivyosema, mamangu," alijibu Yasser, na akalisema lote.

Stacy hakukasirika. Alieleza polepole kwamba mwisho wa safari yao ni sifuri, hakuna anayetaka hata mmoja afe. Lakini walitakiwa kuweka namba ya mwaka mmoja, namba inayoweza kufikika. Wakiandika sifuri na mwaka ukaisha na makaburi, nani atawaamini tena? Namba hii ilikuwa ndogo kuliko ya mwaka huu, na ya mwaka utakaofuata itakuwa ndogo zaidi.

"Nimeelewa," alisema Mama Bonheur. "Kushuka nakuelewa. Sasa aniambie hao mia na kumi ni akina nani. Wa kwake yumo?"

Stacy alipotafsiriwa, uso ulimwiva. Alisema hakuna anayejua ni akina nani.

"Basi kama hamjui, mjukuu wangu yumo, mpaka mje mniambie hayumo."

Hapo ndipo mkutano ulipoacha kuwa wa Stacy. Watu walianza kuizungumzia barabara iliyo mbele ya maghorofa yao, ile ya njia nne inayopandisha kuelekea madukani. Ng'ambo ya barabara iko shule ya watoto, na kwa kuwa iko karibu, idara ya shule haiwapi watoto basi, wanatembea. Ng'ambo iko kanisa lao la kupanga na kituo cha basi la mjini. Rangi nyeupe ya kivuko ilishapauka, na magari hapo hayamsimamii mtu. Kila asubuhi Mama Bonheur humshika mjukuu wake Kirezi mkono, wakasimama ukingoni kama watu wanaotaka kuvuka mto wenye mamba, kisha wakakimbia. Kirezi ana miaka minane. Mama yake, Bonheur, yuko kazini tangu alfajiri. Walichokuwa wakiomba ni taa tu: mlingoti wenye kitufe, ukibonyeza magari yanasimama.

Stacy alitafuta katika kompyuta yake, akaguna. Taa huenda kwanza mahali palipokufa au kuumia watu vibaya, alisema. Bodi ya ofisi yao itapiga kura wiki ijayo juu ya lengo na juu ya sehemu za kutengenezwa. Kwenye kivuko hiki hakukuwa na kitu. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeumia.

"Hakuna aliyeumia?" wanawake walipiga kelele kwa pamoja, na wote wakamgeukia Vestine.

Vestine, aliyeimba sauti ya pili katika kwaya, aliuficha mguu wake wa kushoto chini ya kiti. Mguu huo uligongwa na gari pale pale kivukoni, majira ya baridi yaliyopita, ukavunjika sehemu mbili. Dereva alikuwa kijana wa watu, alishuka akilia, akamwomba msamaha. Vestine akamsamehe palepale barabarani, akamshika mkono, akamwombea, akamwacha aende zake. Polisi? Nani awaite polisi? Huko walikotoka, mwenye kuita askari huongeza shida juu ya shida. Wifi yake alimbeba kwa gari lake, na hospitalini walipouliza, Vestine alisema ameteleza kwenye barafu.

"Kwa hiyo," Mama Bonheur alisema, "tumesamehe, na kwa kuwa tumesamehe, hapo hapajatokea kitu. Wanasubiri maiti."

"Hajasema hivyo," Pasta alinong'ona.

"Amesema kwa upole. Lakini ndiyo."

Jumapili baada ya ibada aliwaita wanawake wa kwaya nyuma ya kanisa na kuwaambia alichoamua. Kesho asubuhi, kando ya kivuko, watatandika mikeka na kukaa matanga.

"Ya nani?" aliuliza Vestine.

"Ya yule wanayemsubiri."

Mmoja alishika kifua. Habari ilimfikia Pasta kabla hata hawajamaliza, akaja na koti mkononi.

"Mama, hiyo ni laana. Kumlilia mtu aliye hai ni kukiita kifo."

"Sikukiita mimi, Pasta. Kimeshaitwa, kimepewa na namba. Tofauti ni kwamba wao wamekiita mezani, mimi nitakikalia barabarani na kukizuia."

"Na kama mtoto wa mtu atagongwa wiki hiyo hiyo? Watasema ni midomo yenu."

"Na asipogongwa kwa sababu tulikaa pale, utasema ni midomo ya nani?"

Pasta alivaa koti lake. Alikuwa mtu mwema, ila aliogopa majirani, aliogopa mwenye jengo, aliogopa mambo kuonekana vibaya. "Viti vya kanisa sitatoa," alisema.

"Matangani hatukalii viti, Pasta. Wewe ndiye uliyesahau."

Jumatatu baridi ya Aprili ilikuwa bado inauma masikio. Walikuja wanawake saba. Walitandika mikeka juu ya nyasi zenye unyevu, hatua chache tu kutoka lami, wakavua viatu, wakabaki na soksi, wakafunga vitenge kiunoni juu ya makoti ya baridi. Hawakuja na bango wala kipaza sauti. Walikuja na chupa za chai, mikate ya kukaanga katika beseni, na sauti zao. Waliimba zile nyimbo za msiba za taratibu, zisizo na ngoma, zinazoimbwa kwa mtu kuinamisha shingo.

Na magari yakapunguza mwendo. Hilo hawakulitegemea. Mtu anayewahi kazini hamwoni mtoto mwenye begi la shule, lakini akiwaona wanawake wameketi chini pembeni ya barabara wanalia, mguu wenyewe unatoka kwenye mafuta. Dereva wa kwanza alisimama kabisa, akashusha kioo. Kirezi, aliyekuwa amesimama na begi mgongoni akisubiri kuvushwa, akatumwa kuwa mkalimani.

"Anauliza nani amekufa, Bibi."

"Mwambie bado."

Kirezi alimwambia kwa Kiingereza. Yule mtu alimtazama mtoto, akatazama mikeka, akatazama ile rangi iliyopauka. Aliendesha polepole sana kutoka pale. Asubuhi nzima ikawa hivyo: kioo kinashuka, swali ni lile, jibu ni lile. Mama mmoja alishuka na kuacha maua. Mwingine alitukana, akaambiwa karibu chai.

Siku ya pili alikuja Yasser, peke yake, kabla ya kwenda kazini. Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka upande wa nje, kama mwanamume anayejua adabu ya msiba wa watu.

"Kwetu Mombasa nasi twakaa matanga, mamangu," alisema. "Lakini aliye hai hatumkalii."

"Basi mmepitwa na jambo. Kunywa chai."

Siku ya tatu alikuja polisi. Gari lake lilisimama na taa zikizunguka, na Vestine akaweka chai chini, akauficha mguu wake chini ya kitenge. Askari alikuwa kijana mrefu, alisema kwa heshima kwamba kuna watu wamepiga simu, akauliza kama wana kibali.

"Matanga hayaombewi kibali," alisema Mama Bonheur, na Yasser, aliyekuwa amerudi kunywa chai, akatafsiri. "Barabara hatujaifunga. Magari yanapita. Ila sasa yanapita kiutu."

Askari aliuliza msiba ni wa nani. Mama Bonheur alifungua mdomo kujibu kama kawaida, lakini Vestine alikuwa ameshainuka. Alisimama kwa shida, mkono kwenye bega la mwenzake, soksi zimelowa.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niligongwa hapa. Nilidanganya hospitali. Kama kuna kosa nifunge, lakini andika kwanza."

"Vestine, keti," alinong'ona mmoja.

"Sikai. Nimemsamehe yule kijana na sitamtaja. Barabara sijaisamehe."

Askari hakumfunga mtu. Alitoa simu yake, akainama hadi usawa wa macho ya Vestine, na akaandika kila kitu, mwezi, mahali aliposimama, mguu ulivyogeuka. Alisema taarifa iliyochelewa ni bora kuliko hakuna, na kwamba ataipeleka inakotakiwa yeye mwenyewe. Alipoondoka alichukua mkate mmoja. Vestine akakaa, akajifunika uso kwa kitenge na kulia kilio chenye mwenyewe, na wenzake wakamwacha alie.

Siku ya kura hawakwenda kwenye bodi. Stacy aliwaalika, akasema kila mtu atapewa dakika mbili za kuzungumza. Mama Bonheur alijibu kwamba matanga hayahami, wao ndio waje. Hakuna aliyekuja, lakini jioni kabla jua halijazama Stacy alifika mwenyewe kwa gari lake, akikimbia kwenye nyasi na viatu vya ofisi. Yasser alikuwa nyuma yake akicheka peke yake.

"Mmepata!" Yasser alisema kabla ya kuombwa. "Mlingoti, kitufe, taa, kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Wamesoma taarifa ya mama Vestine mbele ya watu wote. Na yule dereva wa kwanza kabisa kushusha kioo alikuja kuwasemea, hajui hata majina yenu."

Wanawake walipiga vigelegele. Pasta, ambaye tangu jana alikuwa anasimama mbali kidogo kama mtu anayesubiri basi, alisogea akasema amen, safari hii taratibu na kwa kuangalia uso wa Mama Bonheur kwanza. Watu walianza kuvaa viatu.

Mama Bonheur hakuvaa.

"Na ile namba?" aliuliza.

Yasser aliacha kucheka. Alimwuliza Stacy, na Stacy akajibu akiangalia chini. Lengo lilikuwa limepitishwa. Mia moja na kumi, kama lilivyopendekezwa.

"Kwa hiyo wametutoa sisi humo, wakaweka wengine mahali petu."

"Si hivyo, mamangu."

"Ni hivyo kabisa. Mimi nashukuru Mungu kwa hiyo taa, nitaibonyeza kila asubuhi. Lakini namba yao sijaikubali, na wasije kusema watu wa New Hope waliikubali kwa makofi." Alimgeukia Stacy, akamtazama vizuri, akaona mama aliyechoka, aliyesimama kwenye matope na viatu vizuri, ambaye pengine naye alikuwa na mtoto anayevuka barabara mahali fulani. Sauti yake ilishuka kidogo, ila haikulainika. "Mwulize: ni wapi pengine pa hatari ambapo hajafa mtu bado?"

Stacy hakuelewa. Yasser alirudia. Stacy aliziondoa usoni nywele zilizopeperushwa na upepo, akasema kuna mahali kule mji wa Savage, karibu na mto, malori yanapokata kona kuingia viwandani. Kuna wafanyakazi wanavuka hapo kwa miguu. Kwenye kompyuta hakuna kitu.

"Savage tuna ndugu?" Mama Bonheur aliwauliza wenzake.

"Hatuna hata mmoja," alisema Vestine.

"Vizuri. Basi linafika?"

Halifiki, alisema Yasser.

"Mwambie atatupeleka yeye kwa gari lake. Jumatatu, mapema, kabla ya malori." Aliinama, akaanza kuukunja mkeka uliolowa maji na kuwa mzito, na aliposhindwa kuuinua peke yake akamnyooshea Stacy ncha ya pili. "Shika hapo, mama. Kaza."