Lawama Abebe Binti

Saa nne nzima barabarani, jua la Julai likimchoma begani, mgongo unauma hadi anakaa upandeupande. Ndivyo Peiling alivyofika Carrollton kutoka Houston, Jumamosi ya nne mfululizo. Mwaka ule wa 2017 kalenda ya Kichina iliurudia mwezi wake wa sita, na mwezi ukijirudia, binti aliyeolewa humnunulia mama yake viatu vipya ili aishi miaka mingi. Basi kanunua, vya kitambaa chekundu. Mama mwenyewe hajakanyaga sakafu tangu kiharusi kimpige, lakini mila ni mila, haiulizi miguu.

Mama aliishi kwa Guowei, mtoto wake wa kiume. Aliishi hapo, sawa, ila kuogeshwa vizuri, kukatwa kucha, kusuguliwa mgongo usitoke vidonda, hayo yote yalimsubiri binti wa kutoka mbali. Guowei alikuwa na kazi. Wifi alikuwa na presha. Peiling yeye alikuwa na nini? Alikuwa na gari.

Siku hiyo kaka yake alimvutia jikoni kabla hajaweka mkoba chini.

"Nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee," akasema, macho kwenye friji. "Jumatatu. Sisi hatuwezi tena, mdogo wangu."

Hatuwezi tena! Wamewahi kuweza lini? Peiling alichomoa viatu mkobani. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamvisha mama viatu, na hapohapo akayatoa aliyokuwa akiyapanga moyoni miezi mitatu.

"Mama, twende Houston. Chumba kipo, mume wangu amekubali. Nitakutunza mwenyewe."

Alikuwa hoi, Mungu shahidi, lakini alimtaka mama yake. Mara moja tu maishani alitaka awe wake.

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki na nguvu.

"Nikakae kwa mkwe, na mtoto wa kiume ninaye? Watu watasema nini? Watasema Guowei kamtupa mama yake."

"Si ndicho anachofanya!"

"Punguza sauti. Habari ya Jumatatu ninayo, mimi kiharusi kimenishika mguu, hakikunishika masikio." Akapumzika kidogo, maneno yalimchosha. "Utanipeleka wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Nimeshawapigia wenzangu wote wa kanisani. Nimewaambia kaka yako analia, hataki, ila wewe umeng'ang'ania. Binti aliyeolewa ni mtu wa ukoo mwingine, nani atashangaa? Lakini mtoto wa kiume akisemwa hivyo, uso wake atauweka wapi?"

Na wangu je, nitauweka wapi? Peiling akajiuliza moyoni. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ehe, na huyu mzazi aliujua, wa mwana mmoja.

"Ukikataa, nitakaa hapahapa mpaka wanichukie," mama akasema. "Kama unaniheshimu, utanisikiliza."

Miaka hamsini na mbili Peiling hajawahi kumkatalia. Akasema ndiyo, Mama, akaenda kuchemsha maji ya kumwogeshea.

Jumatatu alimbeba hadi kwenye gari. Guowei alisimama mlangoni akilia machozi ya kweli, maskini, majirani wakimwona. Hakuna aliyemwambia apande gari nao.

Kwenye nyumba ya wazee walipokewa na mhudumu aitwaye Theodora, mama wa Kitanzania, ambaye alikunja magoti kidogo kumsalimu mgonjwa kwa mazoea ya kwao. Pembeni, kwenye kochi, alikaa Bibi Koo wa kanisani kwa mama, aliyekuja kumtembelea dada yake anayeishi hapo. Alipowaona akanyanyuka na mkongojo wake.

"Kumbe ni kweli?" akauliza kwa Kichina, sauti juu. "Na mtoto wa kiume unaye, tena mzuri vile!"

Theodora hakuelewa lugha, ila sura aliielewa. Akamtazama Peiling, akatazama pembeni.

"Guowei wangu alikataa katakata," mama akasema. "Huyu ndiye kanichoka."

Wote wakamgeukia. Peiling angeweza kunyamaza, kunyamaza kungetosha. Lakini Bibi Koo alikuwa bado anasubiri, shingo ameinyoosha, na mama alikuwa ameshika mkono wa kiti cha magurudumu kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Ni kweli," Peiling akasema. "Nimemchoka."

Sauti haikutetemeka, maana uongo ulikuwa nusu tu. Mama akainua uso akamtazama, na machoni mwake mlikuwa na fahari, ile aliyokuwa akimwekea Guowei siku zote. Peiling alikuwa ameingoja tangu utotoni. Akachukua kalamu, akatia sahihi fomu ya kumpokea mama.