Chaguo la Bima

Idwal Parry hakuwa mtu wa kuapa. Alikuwa mtu wa kanisa, tena yale makanisa ya Blaenau, mji wa machimbo huko Wales, ambako hata kucheka Jumapili watu hucheka kwa kiasi. Lakini mwezi wa pili mwaka ule, akiwa kitandani hospitalini na mipira ya oksijeni puani, aliapa mbele ya binti yake Heledd. Alisema akisikia tu kwamba binti huyo ameacha kwenda chuo kikuu kwa ajili ya mapafu yake mabovu, asimwite baba tena mpaka siku watakayomzika. Kisha akakohoa mpaka muuguzi akaja kumtoa Heledd nje.

Mapafu yenyewe yaliliwa na vumbi la machimbo. Idwal alipasua mawe ya kuezekea tangu ana miaka kumi na sita mpaka siku mwili ulipogoma, na kila paa lililomfunika tajiri wa London lilichukua chembe ya pumzi yake. Mkewe, Lowri, alifariki Heledd akiwa na miaka kumi. Tangu hapo nyumba ile ya barabara ya juu ilikuwa na watu wawili tu, baba na bintiye, na siku hizi mashine ya oksijeni iliyounguruma pembeni ya kochi mchana na usiku.

Katika ukoo mzima wa akina Parry hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Kwa hiyo fomu za maombi zilipoanza, yale maneno yake yaliingia jikoni mwao kama wageni wasiojulikana wanakula nini. Idwal aliyaandika kwa penseli kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji. Ofa yenye masharti: chuo kinakutaka, ila ulete alama kilizozitaja. Ofa isiyo na masharti: kinakutaka hivyo ulivyo. Chaguo la kwanza. Chaguo la bima. Haya mawili ya mwisho aliyaachia nafasi tupu mbele yake, maana kila aliyemuuliza alimweleza kivyake.

Heledd alidhani anayaelewa. Nusu ya darasa lao walidhani hivyo hivyo, kwa hiyo tusimcheke. Kichwani mwake mambo yalikuwa mepesi: vyuo vitano unaomba, viwili unavishika, na mwezi wa nane matokeo yakitoka unaviangalia vyote viwili, unachukua kimoja. Basi siku ya kujibu ofa ilipofika, baba yake amekaa ubavuni pake na miwani puani, akabonyeza Glasgow, kule mbali Uskoti, kuwa chaguo la kwanza ili kumridhisha mzee. Bangor akaiweka ya bima ili kujiridhisha mwenyewe. Bangor ni saa moja na ushee kwa basi. Mtu anaweza kwenda asubuhi, akasoma kemia yake, na jioni akarudi kumpikia baba viazi. Idwal alimpiga kofi dogo la begani, akaenda dirishani kumwambia jirani aliyekuwa anapita.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, mtihani ukiwa mlangoni, Bi Rowlands aliwaketisha. Huyu ndiye aliyewafundisha kemia, na ndiye aliyeshughulikia mambo yao ya vyuo. Alikuwa na mdomo mkali na moyo laini, na alishachoka kuwaona watoto wakilia kila mwaka kwa sababu ileile. Aliwaambia chaguo la kwanza si mapendekezo, ni ahadi. Heledd akainua mkono, akauliza kama vile anamuulizia mtu mwingine, je, ukipata alama zinazotosha kote kuwili?

"Unaenda chaguo la kwanza," Bi Rowlands akasema. "Mwezi wa nane hakuna kuchagua, binti. Ulishachagua. Bima ni ya siku utakayoanguka."

Heledd akahesabu tarehe kwa vidole chini ya meza. Siku kumi na nne anazopewa mtu za kubadili mawazo baada ya kujibu ofa zilikuwa zimeshapita. Angeweza kumwomba mwalimu awaandikie Glasgow wamruhusu kubadili chaguo, lakini Bi Rowlands aliimba kwaya moja na Idwal, na jambo hilo lingefika nyumbani kabla ya chai ya jioni. Halafu kiapo kile! Alimjua baba yake. Mtu aliyegoma kula siku mbili kwa sababu msimamizi alimwita mvivu hakuwa mtu wa kula maneno yake.

Ndipo likamjia lile wazo. Ikiwa bima ni ya siku ya kuanguka, basi ataanguka. Hatamwambia mtu. Baba hataweza kusema amebaki kwa ajili yake. Atasema mtihani ulikuwa mgumu, na mitihani migumu haina wa kulaumiwa. Glasgow walitaka A ya kemia bila mjadala. Bangor waliridhika na C. Msichana mwenye akili kama zile, jamani, akakaa kitandani na karatasi za mitihani ya nyuma kupiga hesabu ya kufeli! Lakini alikaa, na alipiga, kwa uangalifu uleule aliopigia hesabu za kufaulu. Akizidisha kufeli, atakosa na Bangor. Akipunguza, watamchukua Glasgow.

Siku ya karatasi ya pili ya kemia aliandika vizuri mpaka katikati ya swali la sita. Hapo akaweka kalamu chini. Swali la saba, la mwisho, lenye alama kumi na nne, hakuligusa kabisa. Zilibaki dakika arobaini, naye akazikaa zote akitazama saa ya ukutani na migongo ya wenzake iliyoinama. Alidhani atajisikia mtu wa kujitolea. Alijisikia mwizi. Mara mbili mkono ulitaka kuishika kalamu, mara mbili akaukalia. Nyumbani alisema karatasi ilikuwa ngumu, na Idwal akamwambia kila mtu atakuwa ameiona ngumu, asijitese, akatoa pesa wakanunua samaki na chipsi.

Kiangazi kizima mzee alikuwa mtu mwingine. Aliwatangazia Glasgow mfamasia, mchungaji, na muuguzi aliyekuja kumpima kila Jumanne. Alijifunza majina ya mitaa ya kule. Siku moja alimwita Heledd amwonyeshe kwenye ramani ya simu jinsi ya kutoka stesheni hadi chuoni kwa miguu, na akamlazimisha airudie njia hiyo kwa mdomo. Heledd aliirudia, kona kwa kona. Kila siku alijiambia afadhali baba aumie mara moja kwa matokeo mabaya kuliko afe peke yake mwezi wa kwanza, mlango umefungwa na theluji nje.

Alhamisi ya matokeo alifika shuleni kabla ya saa mbili. Akachukua bahasha yake, akaenda kuifungulia kwenye ngazi za nyuma. Hisabati A. Kiwelisi B. Kemia B. Alizitazama herufi zile akashusha pumzi ndefu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Akaanza hata kufikiria basi la saa moja asubuhi la kwenda Bangor, atakaa upande gani.

Bi Rowlands alimkuta hapo. Uso wake ulikuwa unang'aa, jambo ambalo Heledd hakulielewa. Akamwambia afungue ukurasa wake kwenye simu, mbona anakaa kama aliyefiwa. Heledd akafungua. Akasoma kwamba nafasi yake Glasgow imethibitishwa. Akasoma tena. Akamwambia mwalimu kuna kosa, amekosa A, sharti lilikuwa A.

"Masharti waliyaweka wao," Bi Rowlands akasema. "Na aliyeyaweka anaweza kuyalegeza. Mwaka huu wamelegeza. Wanakutaka, mtoto wewe."

Heledd akauliza habari ya Bangor.  Mwalimu akamjibu kwamba Bangor haipo tena. Chaguo la kwanza likikukubali, la bima linafutika saa ileile. Kulikuwa na njia ya kuomba Glasgow wakuachilie, halafu ukahangaike na nafasi zilizobaki pamoja na walioanguka kwelikweli, labda Bangor wangekuchukua, labda sivyo. Lakini mtu mwenye akili timamu aombe hivyo kwa nini?  Heledd alianza kulia, na kilio hicho si cha furaha, hata kipofu angekijua. Bi Rowlands akaacha kutabasamu. Heledd akamwomba asimpigie baba simu kwanza. Mwalimu akasema ameshampigia, dakika kumi zilizopita.

Alipanda barabara ya juu kwa miguu. Nyumbani alimkuta Nerys wa jirani na mkate wake wa zabibu, na mzee wa kanisa mmoja ameshika kikombe, na Idwal katikati yao amevaa shati la Jumapili. Walimkumbatia. Walimwambia mama yake angejivunia. Alikaa akala kipande cha mkate. Idwal hakuacha kumtazama binti yake usoni, na wageni walipoanza kumwaga hadithi, akawaambia kwa upole kwamba amechoka. Wakaondoka.

Mashine ikabaki inaunguruma. Idwal akamwambia akae.

"Betsan Rowlands ananiambia B ya kemia," akasema. Ilibidi apumzike kidogo kabla ya kuendelea. "Nikafurahi. Nimekata simu, nikakumbuka kwamba tangu Krismasi alikuwa ananihakikishia A. Yule mama hakosei. Na wewe umekuja hapa unalia barabara nzima, Nerys amekuona kupitia dirisha. Ulifanya nini, Heledd?"

Angeweza kudanganya. Alishazoea. Lakini alikuwa amechoka kubeba lile jambo tangu mwezi wa sita, akalitua lote mezani: alivyoelewa vibaya, alivyoogopa kiapo, hesabu za kitandani, kalamu aliyoiweka chini, dakika arobaini. Alisema anaweza kuwaomba Glasgow wamwachilie, hata leo.

Idwal alikasirika. Alikasirika mpaka midomo ikabadilika rangi, na Heledd akainuka kutaka kumwongezea hewa, akamzuia kwa mkono. Akamwambia amewahi kuona watu wakiibiwa mishahara, wakiibiwa ardhi, wakiibiwa mapafu, lakini hajawahi kuona mtu akijiibia mwenyewe halafu akamletea mwenzake mzigo akisema ni zawadi. Alisema akifa, atakufa kwa vumbi, na vumbi halijali Heledd anasoma wapi. Kisha hasira zikamwisha ghafla, akawa mtu mgonjwa tu kwenye kochi.

"Uliona nitakufa," akasema.

"Niliona utabaki peke yako."

"Nitabaki peke yangu. Ndiyo." Akavuta pumzi. "Nitaogopa pia, kama unataka kujua. Mimi si jiwe. Lakini hiyo simu usiipige."

"Umeapa nisikuite baba."

"Nilikuwa mgonjwa, na nilikuwa mjinga. Niite."

Heledd akamwita. Hakuweza kusema zaidi ya hilo neno moja. Idwal akamwacha alie mpaka amalize, kama alivyofanya siku ya msiba wa Lowri, bila kumwambia nyamaza. Nje Nerys alikuwa anaanika nguo na kumfokea mbwa wa mtu.

"Hilo swali uliloliacha," Idwal akasema baadaye. "Ulikuwa hulijui?"

"Nilikuwa nalijua lote."

"Basi nijibu mimi."

Heledd akadhani ni utani. Hakuwa anatania. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama anavyokaa kanisani mahubiri yakianza. Kwa hiyo Heledd akajifuta uso, akaanza, mwanzoni kwa sauti ya kukwaruza, kwamba waliulizwa kwa nini maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya shaba huwa ya buluu. Akaeleza jinsi maji yanavyoizunguka ile chembe ya shaba pande zote, na jinsi elektroni zake zinavyogawanyika ngazi mbili, za chini na za juu kidogo, na kwamba mwanga ukipita, elektroni zinameza ule mwekundu ili kupanda ngazi, na kinachobaki kutufikia machoni ni ile buluu. Ukitia amonia kidogo, akasema, yanafanyika machicha ya buluu hafifu yanayotuama chini. Ukiendelea kutia, machicha yanapotea na maji yanakolea mpaka yanakuwa ya buluu nzito sana, kwa sababu amonia imeyasukuma baadhi ya maji na kukaa mahali pake.

Idwal hakuelewa hata nusu. Hakumkatiza. Alikuwa akimtazama mdomoni, na kila Heledd aliposita alitikisa kichwa amwongoze mbele, naye Heledd akaona kwamba sauti yake imeacha kutetemeka. Alipomaliza, mzee akauliza lile lilikuwa la alama ngapi.

"Kumi na nne."

Idwal akaikunja mikono yake yenye makovu ya mawe, akavuta hewa kwenye mpira, akasubiri pumzi imtoshe.

"Na la sita," akasema. "Umesema uliliacha katikati. Lianze upya."