Shati la Bwana Brandvold

Lori la kampuni ya sabuni lilipopita mlangoni pake likaenda kusimama kwa jirani, Ardith Pomeroy alibaki ameshika kijiko cha uji hewani, mtoto kaachama anangoja. Alijua papo hapo kwamba ameshinda. Alijua pia kwamba amejiharibia.

Mwaka ule, pale mjini kwao Ohio, wapenda mashindano ya makampuni wote walikuwa na ujanja mmoja. Kanuni ilisema jina moja, jibu moja. Basi ukishamaliza jina lako na la mumeo, unaazima la shangazi, la shemeji, la jirani. Unamwambia tu: kikija kitu ni changu, nawe nitakuokea pai. Kwa njia hiyo Ardith alikuwa ameshapata kibaniko cha mkate na katoni ya pichi za kopo. Lakini Bi. Brandvold, mjane wa nyumba ya pili, Ardith hakumwambia. Alichana vifuniko vya maboksi ya sabuni, vilivyotakiwa kuambatana na jibu, kwenye pipa la taka la mjane huyo, akaandika jina la mjane, akanyamaza.

Alinyamaza kwa sababu ya yale maneno.

Kampuni ilikuwa imeianza sentensi: Naipenda sabuni ya Dawnelle kwa sababu. Mshindani aimalizie kwa maneno yasiyozidi ishirini na tano. Siku tatu nzima Ardith hakupata kitu. Ndipo asubuhi moja, wakianika nguo, Bi. Brandvold akamwambia kwa sauti ndogo, bila kumtazama, kwamba shati la marehemu mumewe bado analifua kila Jumatatu. Miaka miwili sasa. Halijavaliwa, halijachafuka, analifua tu na kulianika ndani, watu wasilione. Ardith alimshika mkono, na machozi yakamlenga kweli. Kisha akaingia ndani, akakaa mezani, akaiandika habari ya shati, akayahesabu maneno kwa vidole. Yalitosha, na matatu yakabaki.

Sasa alisimama nyuma ya pazia akitazama. Mwakilishi wa kampuni, bwana mmoja mwenye tai ya buluu aitwaye Tackett, alikuwa akitabasamu barazani huku vijana wawili wakishusha mashine ya kufulia.

"Bwana, umekosea nyumba," Bi. Brandvold alisema. "Mimi sijashindana na mtu."

"Washindi wote husema hivyo, mama. Soma hapa, utie sahihi kwamba maneno ni yako mwenyewe. Ijumaa yanatoka gazetini, pamoja na picha yako."

Bi. Brandvold akasoma. Alisoma kwa muda mrefu mno kwa karatasi fupi vile. Kisha akainua uso akatazama dirisha la Ardith, moja kwa moja, kana kwamba pazia halikuwepo.

"Miwani yangu inanisumbua," alimwambia yule bwana. "Nitakupa kesho."

Lori lilipoondoka alikuja kwa mlango wa nyuma, karatasi mkononi, aproni bado kiunoni. Hakukaa.

"Mashine ni yako," alisema. "Mumeo Wendell akitoka kazini aje aichukue."

"Bi. Brandvold, mimi sikudhani..."

"Una mtoto wa nepi, utaihitaji. Sina neno na mashine." Akaikunjua ile karatasi, akaikunja tena. "Dada zangu wenyewe sijawaambia. Mchungaji sijamwambia. Nilikuambia wewe kwa sababu niliona una moyo mwepesi. Sikujua unaandika."

Ardith alitafuta pa kuweka macho. Kibaya zaidi, na hilo hakumwambia mtu maisha yake yote, ni kwamba hata wakati ule, akiwa anaungua pale kwa aibu, kuna pembe ya moyo wake ilikuwa inawaza mashine itakaa upande gani wa jiko.

"Yasitoke gazetini," Ardith alisema.

"Yatazuiwaje? Nikikana, nitaulizwa nani kaandika."

"Aliyeandika atawaambia mwenyewe," Ardith alisema.

Simu ilikuwa ukutani, laini moja kwa nyumba sita. Ukiinua mkono wa simu, na wengine watano huinua wao. Kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hajui.

"Nipe mtoto," Bi. Brandvold alisema. "Huwezi kushika simu na yeye pamoja."

Ardith akampa. Akaomba aunganishwe na hoteli alikofikia Bwana Tackett, akaomba aitwe. Alipokuwa akingoja alisikia mlio mdogo: tik, halafu tik nyingine, majirani wakiinua simu zao.

"Bwana Tackett, jibu lile nililiandika mimi, Ardith Pomeroy, kwa jina la jirani bila ruhusa yake. Njooni mchukue mashine yenu."

"Pole pole, mama. Na hiyo habari ya shati?"

Nyuma yake mtoto alikuwa akicheza na kifungo cha aproni. Bi. Brandvold akavishika vile vidole vidogo.

"Hakuna shati," Ardith alisema. "Niliitunga. Nilitaka ushindi, nikamsingizia mjane wa watu jambo ambalo hajawahi kulifanya."

Kisha sauti nyingine ikajipenyeza, ya Bi. Crandall wa nyumba ya kona, imejaa mshangao na raha. "Ardith? Ni wewe kweli, mwanangu?"

Uso ulimwaka moto mpaka masikioni.

"Ni mimi, Bi. Crandall," alisema. "Umesikia vizuri, au nirudie?"