Mechi ya Mia Mbili ya Lindsay Trethowan

Lindsay Trethowan alikuwa akikata mbavu za kondoo pale Bi Thelma Hocking alipoingia buchani mwake, daftari kuukuu kwapani, uso umemkunjamana kama wa mleta habari za msiba.

"Nani kafa?" Lindsay akauliza.

"Hajafa mtu. Wateja wameisha?"

"Umebaki wewe."

Bi Thelma, katibu wa klabu ya mpira wa Kiaustralia ya Wirrabeel kwa miaka ishirini, akarudishia mlango na kulifungua daftari juu ya kaunta. Tangu kiangazi alikuwa akihamishia rekodi za zamani kwenye kompyuta, na sasa alikuwa amefika mwaka 1996. Mwaka huo mechi yao na jirani zao wa Gundalong ilivunjwa na mvua ya mawe kabla ya mapumziko, ikarudiwa wiki tatu baadaye. Aliyekuwa akiandika siku hizo aliziandika zote mbili.

"Iliyovunjika haihesabiwi," alisema Bi Thelma. "Kwa hiyo, baba, mechi zako si mia mbili. Ni mia moja tisini na tisa."

Lindsay akaweka kisu chini.

Mji mzima ulijua kwamba akiwa na miaka ishirini aliitwa kwenda Melbourne, akacheza mechi saba za ligi kuu mbele ya watu elfu sitini, kisha goti likamsaliti akarudi nyumbani na begi lake. Wageni walimuuliza habari za zile saba. Yeye aliziona ni za bahati tu. Alizojivunia ni mia mbili za nyumbani, za matope na baridi ya Juni, goti limeviringishwa bendeji kama kichanga. Kwa ajili ya hizo jina lake lilikuwa ukutani mwa ukumbi wa klabu kwa rangi ya dhahabu, pamoja na majina ya watu wanne tu, mmoja wao marehemu baba yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na mimi nina miaka sabini na tisa, nasahau mengi. Ukitaka nisahau na hili, sema."

Lindsay akaokota kisu, akarudi kwenye mbavu za kondoo. Siku ya tatu mkewe, Noreen, akachoka kumtazama.

"Una nini wewe? Umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa."

Akamweleza. Noreen alicheka mpaka akashikilia meza. "Miaka kumi na tano unanitambia mia mbili, kumbe!"

"Nikinyamaza, nani ataumia?"

"Hakuna. Ila wewe kunyamaza hukujui. Ile keki ya mama ulijitaja hata kabla hatujaona kwamba imeliwa."

Alhamisi baada ya mazoezi, watu wakila supu ya maboga ukumbini na kungoja majina ya timu, Lindsay akasimama akasema yote. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Mwizi wa mechi!" Kicheko kikapasuka, vijiko vikagongwa mezani.

Kocha, Brodie Mulcahy, hakucheka. Alikuwa akisoma karatasi yake. "Kaka Lindsay, Jumamosi timu ya pili ina watu kumi na saba. Nataka kumi na wanane."

"Nina miaka hamsini na mbili, Brodie!"

"Sikukuuliza umri. Nakuuliza saizi ya kaptula."

Saizi yake haikuwepo. Jumamosi aliingia uwanjani na kaptula iliyopasuliwa kiunoni ikashonewa kipande cha pazia. Waliocheza nao walikuwa Gundalong haohao, na beki aliyepewa kumkaba alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Babu, ukianguka nimwite nani?"

"Mwite mama yako. Asubuhi nimemuuzia mguu wa kondoo, umwambie asiuunguze."

Langoni, katika koti jeupe, na vibendera viwili mkononi, alisimama mwamuzi wa goli, Murray Pridmore. Zamani alikuwa beki wa Gundalong, na aliwahi kumvunja Lindsay mbavu mbili, kisha akamfuata hospitali na pai ya nyama.

"Umerudi kutafuta nini, Trethowan?"

"Mbavu zangu, Murray."

Robo tatu za mchezo mpira ulimgusa mara mbili, mara moja usoni. Alihema kama mvukuto. Lakini zikiwa zimebaki dakika mbili, Wirrabeel nyuma kwa pointi moja, mpira ukapigwa juu kuelekea kwake. Miguu ilikuwa imesahau kuruka, ila macho hayakusahau mpira unapotua. Akarudi hatua mbili, akamwegemeza kijana mgongo, akanyoosha mikono. Kijana akapaa akapitiliza, na mpira ukatulia viganjani mwa Lindsay. Magari yaliyozunguka uwanja yakalia honi zote kwa pamoja.

Aliyedaka hivyo hupiga bila kuzuiwa, na zilikuwa mita arobaini. Ukipita katikati ya nguzo ndefu ni pointi sita, ukizigonga ni moja. Aliupiga vizuri, ukaenda vizuri, kisha upepo ukausukuma kulia. Ngo! Nguzo.

Pridmore akatengeneza kola, kama hakimu, akapunga kibendera kimoja. "Pointi moja tu!"

"Nimeisikia, Murray. Hata Melbourne wameisikia."

King'ora kikalia. Sare. Watu wa pande zote mbili walitazamana wasijue washangilie au wanune, mpaka Lindsay alipoinua mikono juu, wakashangilia. Vijana wawili wakambeba mabegani kama ilivyo desturi, wakaenda naye hatua nne, wakamwangusha. Bi Thelma alikuwa amekwisha kuandika daftarini: mia mbili.

Jumapili alitoka kitandani kwa awamu: mguu, kisha mapumziko, kisha mguu wa pili. Noreen alimkuta ameketi ukingoni, soksi mkononi, akitabasamu na ukuta.

"Raha?"

"Raha tupu. Hebu nisaidie kuvaa hii."

"Si umejifanya kijana? Vaa mwenyewe," alisema Noreen, huku akipiga magoti kumvalisha.